Sisi Tulisema ni Mabanda

Jumatatu, Machi 3

Basi mkwe akaweka kikombe chini, chai haijafika hata nusu, akasema, "Mama, mimi siwezi kuwatoa kwenye ile rangi kwa mkono wangu." Akavaa viatu, akaenda zake. Mkwe ni huyo mume wa binti yangu, anafanya kazi manispaa kwenye chumba cha kompyuta za ramani. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemfuata mpaka barabarani. Mkwe unamfuata unamwambia nini? Nikabaki natazama kikombe.

Andika hivyo hivyo, wifi. Usinipambie.

Daftari lenyewe ni la wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Daktari wa kifua alimwambia kila siku aandike ameamkaje, amekohoaje. Akaandika wee, "nimekohoa, nimekohoa," nikamwambia hiyo nayo ni habari? Mimi nalala chumba cha pili, naijua bila kuandikiwa. Wewe una mwandiko, mimi nina maneno, tugawane. Akasema maneno yangu yatalimaliza daftari kabla mvua hazijaisha. Tutaona.

Sasa kisa chenyewe. Dampo la zamani limejaa mpaka linamwagika barabarani, manispaa wanatafuta pa kuweka jipya. Na siku hizi hawatafuti kwa miguu, wanaiuliza kompyuta. Kompyuta imetazama, imefikiri, imeupaka mteremko wetu huu rangi ya kijani. Ukisikia kijani unadhani ni heri. Kumbe kijani maana yake hapa panafaa, mwageni taka za mji mzima.

Panafaa kwa nini? Kwa sababu hapakai watu. Nani kasema hapakai watu? Sisi! Kwa midomo yetu!

Mwaka jana walipita wahesabuji na simu zao, wanauliza kila mlango, hii ni nyumba au ni nini. Mwenyekiti wa mtaa akawatangulia. Akapita kwa kila mtu ananong'ona, "Hao ni watu wa bomoabomoa. Ukisema nyumba, kesho unaamka una alama ya X ukutani. Semeni ni mabanda." Mtaa mzima ukawa mabanda. Mwenye vyumba vinne na baraza akasema ni banda la mbuzi, na mbuzi hana, akaazima. Yule mbuzi siku ile alitembelea nyumba nyingi kuliko mwenyekiti. Mimi nilisema ni stoo ya mkaa, nikajipaka masizi mikononi, nikakaa mlangoni kama muuzaji. Wifi yuko ndani kajifunika mto mdomoni asikohoe, maana mkaa haukohoi.

[Haikuwa mto, ilikuwa shuka. Mwandikaji.]

Mto, shuka, haya. Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Sasa cheka tena tukuone.


Jumanne, Machi 4

Mvua. Wifi amekohoa asubuhi, mchana hapana. Daktari afurahi.


Jumapili, Machi 9

Mkwe amerudi, safari hii na binti yangu, na bahasha ya plastiki zile zinazoonyesha upande wa pili. Akaziweka juu ya meza, moja juu ya nyingine, kama unavyotandika shuka. Hii ni mito na visima. Hii ni miteremko. Hii ni udongo, usiopitisha maji machafu. Hii ni barabara za malori. Kila plastiki imepakwa wekundu mahali pasipofaa. Ukizipanga zote, pale pasipoguswa na wekundu wowote ndipo kompyuta inapopaka kijani.

"Na nyumba?" nikauliza.

Akatoa ya mwisho. Kila nyumba ina duara lake jekundu, kubwa, linasukuma dampo lisisogee. Mji wote umejaa madoa kama mtoto mwenye surua. Kwetu, peupe.

"Kwani hilo jicho la angani halioni mabati yetu?"

"Linayaona, mama. Lakini halijui chini ya bati kuna mtu au kuna mkaa. Ndiyo maana walikuja kuuliza."

Aliposema mkaa binti yangu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Nikamwambia kama unacheka nenda kachekee uani.

Nikamwomba mkwe, kwa adabu zangu zote, adabu nilizokuwa naziweka akiba: "Baba, si uende tu hapo ofisini, ubonyeze, uturudishe watu?"

"Nikibonyeza kwa mkono, mama, kesho mwingine naye atabonyeza, kijani kihamie kule kwenye chemchemi. Na kule nako kuna mama mkwe wa mtu."

Mnasikia majibu hayo? Mpole, hapandishi sauti, lakini kumsogeza ni kama kusukuma kabati lenye vyombo. Anachoweza, amesema, ni kuwaombea wahesabuji warudi. Yeye mwenyewe hawezi kutuhesabu, wenzake watasema kawabeba wakwe zake. Na lazima iwe kabla mwezi wa nne haujaisha, maana ramani inafungwa, inapelekwa kwenye kikao, na kikao kikishapiga muhuri tusimtafute.

Walipoondoka wifi akasema, "Huyo kijana ana msimamo."

Nikasema msimamo wake aupeleke kwa mama yake.

Wifi alikaa chini ya lile dampo la zamani maisha yake yote. Moshi wa taka haulali, mvua, jua, unafuka. Siku alipohamia hapa kwangu aliteremka garini na sanduku na kifua hicho, akapanda huu mteremko anasimama kila hatua kadhaa kama mtu anayehesabu mawe. Hapa amepata usingizi. Dampo likija hapa, yeye hatakaa nalo. Ataondoka. Hilo ndilo sikutaka kulisema mbele ya mkwe, na wewe wifi usinikodolee macho, andika.


Jumamosi, Machi 15

Mkutano wa mtaa, chini ya bati la mashine ya kusaga, mvua inapiga juu mpaka tunasemezana kwa mikono. Mwenyekiti kasimama: "Ni mtego! Mwaka jana tumewakwepa, sasa wanakuja kwa mlango wa nyuma. Wanatutisha na dampo ili tukiri."

Nikamuuliza, "Tukiri nini, mwenyekiti, kwamba tunalala?"

Watu wakacheka, kisha wakamwitikia yeye. Ndiyo hasira yangu hiyo. Vicheko napewa mimi, kura anapewa yeye. Mama muuza maandazi, ambaye jana tu kaniambia jikoni kwake, "Mimi nasema nyumba, bibi, liwalo na liwe," leo kakaa kama hanijui.


Alhamisi, Machi 20

Wahesabuji walikuwa waje leo. Gari limekwama kwenye tope bondeni. Mwenyekiti amesema mnaona? Sijui tunaona nini.


Ijumaa, Machi 28

Hawajaja tena. Daraja dogo limezibwa na maji. Nimefagia kibaraza, kikalowa, nimefagia tena, kikalowa. Wifi anasema ningekiacha. Mtu mwenye kibaraza chenye tope atasemaje hii ni nyumba?


Jumapili, Machi 30

Leo nimeona kitu. Mkwe kaja peke yake, siku yake ya mapumziko, kashika viatu mkononi, suruali kaikunja magotini, tope mpaka huku. Nikadhani kaja kula. Kumbe anapita mlango kwa mlango, anatandaza zile plastiki zake kwenye meza za watu, anaeleza. Kwa mama muuza maandazi. Kwa mwenye mbuzi wa kuazima. Kafukuzwa kwa mwenyekiti, kakaribishwa tena, kafukuzwa tena. Hapandishi sauti. Nilikuwa natazama dirishani, nikamwambia wifi, "Huyu nilimdhania mwoga." Wifi akasema, "Wewe kila asiyepiga kelele unamdhania mwoga."

Alipofika kwangu jioni nikampa maji ya moto ya miguu. Chai alimaliza.


Jumanne, Aprili 8

Kaa vizuri, wifi, leo utachoka mkono.

Wamekuja. Mvua ilipumzika asubuhi, gari likapanda, wakashuka dada mmoja na kaka mmoja, na simu zao zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Na nani yuko mbele yao anawafungulia njia? Mwenyekiti! Shati la sikukuu, kalamu mfukoni. "Karibuni, karibuni, huu ni mtaa wa makazi tangu zamani. Nimekuwa nikiwaambia watu wangu, jamani tuseme ukweli." Mimi nilishika nguzo ya mlango nisianguke. Kumbe mkwe alimwonyesha kwenye ramani kwamba njia ya malori ya taka ingepita ubavuni mwa nyumba yake mpya, ile anayosema ni ya shemeji yake. Basi mtego umeisha siku hiyo hiyo.

Haya, tusimseme sana, maana kazi ilikwenda. "Hii ni nini?" "Nyumba." "Wanalala watu?" "Wanalala." Yule dada anabonyeza. Mwenye mbuzi akasema nyumba. Mama muuza maandazi akasema nyumba, nyumba, nyumba, kama anatangaza bidhaa. Mwaka huu watu walitoa vitanda vizima nje kwenye unyevu ili wahesabuji wavione. Nikawaambia jamani, wataingia ndani kutazama, mbona mnalowesha magodoro?

Kwangu dada akauliza, "Mnakaa wangapi?" Nikasema, "Mimi na wifi yangu." Wifi akakohoa, kikohozi cha kweli. Nikasema huyo, msikie, si mkaa.

Tukashuka hadi mwisho wa mtaa. Nyumba ya mwisho kabisa, chini, ni ya fundi cherehani. Mtu mzuri. Ana mke, ana watoto, mashine yake inasikika mpaka kwangu. Leo kimya. Dirisha limefungwa. Dada akabisha. Kimya. Akabisha. Ndani mtoto akapiga chafya. Kisha sauti ya fundi, nyembamba, haitambuliki: "Hii ni stoo."

"Stoo ya nini?" dada anauliza.

"Ya... vitambaa."

Mimi nikashindwa. "Stoo gani inayopiga chafya? We fundi! Toka huko!"

Kimya. Yule dada masikini akanitazama, akasema, "Bibi, siwezi kuandika unachosema wewe. Lazima mwenyewe aseme." Akabonyeza. Stoo. Mbele ya macho yangu, watu sita wa Mungu wamekuwa vitambaa.

Nilipanda mteremko nimekasirika hata sikusikia magoti.


Ijumaa, Aprili 11

Binti yangu kaleta ramani mpya kwenye simu yake, mkwe kazuiwa kazini. Mtaa wetu sasa umejaa maduara mekundu, unapendeza. Lakini chini, pale kwa fundi, duara halipo, na kijani kimebaki pale kama ulimi uliotoka mdomoni. Upepo wa hapa unapanda kutoka bondeni. Dampo likikaa pale kwenye ulimi, moshi wake unakuja moja kwa moja dirishani kwetu, hausalimii mtu njiani.

"Duara lake moja tu, mama," binti yangu anasema. "Akisema yeye, kijani chote kinaondoka, kinabaki kule kwenye machimbo ya kokoto, ambako kweli hapakai mtu. Watarudi mara moja, kwa nyumba zilizokuwa zimefungwa. Ndiyo mwisho."

Wifi alisikiliza yote. Baada ya hapo nikamkuta chumbani kafungua sanduku, anakunja nguo.

"Unafanya nini?"

"Nazipanga tu."

"Zilikuwa zimepangwa."

"Mtoto wa kaka yangu amesema ana chumba. Mbali kidogo, lakini hewa safi."

"Mtoto wa kaka yako yupi, yule asiyejua hata kupika maji?"

"Wifi," akasema, "mimi nimeshakaa chini ya moshi. Wewe hujui. Sitakaa tena."

Nikamwambia panga basi, panga na mapazia, na sufuria chukua. Nikatoka nje nikakaa kwenye kibaraza. Leo hii, hapa ninapoongea, sanduku liko mlangoni mwa chumba chake, yeye anaandika kama si yeye anayesemwa. Andika, andika. Na uandike kwamba nguo zenyewe umekunja vibaya.


Jumatatu, Aprili 14

Nimeenda kwa fundi. Nilichukua gauni langu la zamani, pindo limefumuka, nikakaa kwenye benchi lake. Sikusema habari ya ramani. Akashona pindo, akamaliza, nikasema na huku mkononi. Akashona mkono. Nikasema na kola. Akasema, "Bibi, gauni hili limeshakuwa jipya. Sema ulichokuja nacho."

Nikasema. Nikamwambia habari ya ulimi, ya upepo, ya sanduku. Fundi anasikiliza, mguu unakanyaga mashine lakini hakuna kitambaa, sindano inapiga hewa.

"Njoo uone," akasema. Akanipeleka nyuma. Ukuta wake wa nyuma, wifi wewe, unaingia kabisa kwenye hifadhi ya barabara. Jiwe la mpaka liko ndani, jikoni! Mkewe anaweka sufuria juu yake.

Sisi wengine tuliogopa X ya hadithi. Huyu X yake ni ya kweli. Nikajiona mjinga kwa zile kelele zangu za siku ile mlangoni kwake.

Nikamwambia alichowahi kusema mkwe mezani kwangu, kwamba watu wa barabara wana ramani yao, kwa hiyo ukuta huu wameshauona kutoka juu tangu siku alipoezeka, kujiita stoo hakumfichi kwao. Siku ya kupanua barabara watakuja tu, awe stoo awe ikulu.

"Najua, bibi. Lakini kuonwa ni kitu kimoja. Kusimama mlangoni mwangu niseme kwa mdomo, hii ni nyumba, nimejenga mimi, hicho ni kitu kingine. Mdomo haufunguki. Siku ile nilitaka kusema nyumba. Ikatoka stoo."

Mkewe alikuwa jikoni anamenya viazi, akasema bila kugeuka, "Na wakibomoa, cherehani ataiweka wapi? Kichwani?"

Nikasema, "Chumba changu cha mbele. Kina dirisha kubwa, mwanga wa kutosha kutunga uzi. Aweke mashine, na ninyi tutabanana. Nasema mbele yako, na wifi ataandika kwenye daftari."

Fundi akanitazama. Akasema atafikiri. Kila mtu mtaa huu anafikiri! Nikachukua gauni langu nikaondoka.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia wifi, akasema, "Chumba cha mbele ndicho ninacholala mimi."

"Si unahama?"

"Na nisipohama?"

"Utakuja kwangu. Unakohoa, mimi nakoroma, tutapeana zamu."

Akaandika siku nzima ya leo bila kunijibu. Ila hilo gauni kalishika akaligeuza, akasema fundi ana mkono mzuri.


Alhamisi, Aprili 17

Mvua, mvua, mvua. Sanduku bado liko mlangoni, nimejikwaa mara mbili. Halirudi ndani wala haliondoki.


Jumapili, Aprili 20

Mkwe kasema marudio ni Jumatano. Nikamuuliza, na fundi asiposema? Akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Nitaipeleka ramani kama ilivyo, mama. Na sitalala." Zamani ningemwambia kutolala kwako kutanisaidia nini. Leo nilimwongezea mboga.


Jumatano, Aprili 23

Wifi anaandika haraka leo, mimi naongea naye huku nimesimama dirishani. Hakujanyesha tangu asubuhi. Gari limepita hapa kitambo kidogo, yule dada wa simu kanipungia mkono, linashuka chini. Fundi sijamwona tangu siku ile ya gauni. Mashine nilikuwa naisikia, kwa hiyo yupo, hajakimbia. Nimejiambia sitashuka. Mara ya kwanza nilishuka na mdomo wangu nikamharibia mtu. Nitakaa hapa hapa kama mtu mwenye akili. Wifi anasema hajawahi kuniona hivyo, ananiuliza kama naumwa.

Sasa gari limesimama. Dada anashuka. Mwenyekiti naye huyo, sijui katokea wapi, anamwonyesha mlango kana kwamba kaujenga yeye. Fundi katoka. Katoka nje, wifi! Kasimama kizingitini, tepu ya kupimia iko shingoni. Dada anamuuliza. Hasemi. Anatazama huku juu. Kwa nini anatazama huku? Si aseme, baba, neno lenyewe ni fupi! Anainua mkono. Ananiita mimi huyo? Hebu nyamaza kidogo nisikie.

"Bibi! Bibi, njoo! Njoo usimame hapa na mimi, nitasema!"

Nakuja! Mwambie dada asibonyeze kitu! Wifi, viatu vyangu viko wapi? Weka kalamu chini, nishike mkono, tunashuka wote. Polepole, na kifua chako hicho. Nakuja, fundi, nakuja!